Naswali Nimeketi: Je, Thawabu Zangu Zimepungua?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mjane, na umri wangu umepita miaka 70. Jokofu alilonunua marehemu mume wangu zaidi ya miaka 30 iliyopita bado linagandisha, ingawa mpira wa mlango umelegea na hunibidi niuegemeze kiti mlango usifunguke. Wanangu wanataka kulitupa. Mhubiri mmoja aliniambia kuwa kung'ang'ania kitu kikuukuu ni kupenda dunia, na kwamba kwa kuwa naswali nimeketi kwa sababu ya magoti, napata nusu ya thawabu. Tangu siku hiyo, nikilisikia jokofu likinguruma usiku, najiona tuko sawa: tumechakaa, tunangoja kutupwa.

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Mama yetu, la jokofu ni jepesi, nami nalitanguliza ili nifikie lile lililoniumiza. Kutunza chombo kinachofanya kazi si kupenda dunia. Kilichochukizwa ni kupoteza mali, kama ilivyothibiti kwa Al-Mughira bin Shu'ba (R.A.) katika vitabu vya Hadithi vya Bukhari na Muslim. Badilisha mpira huo kwanza, kwani mlango usioziba huingiza joto, mota ikafanya kazi bila kupumzika, umeme ukaliwa bure na chakula kikaharibika. Ikiwa baada ya hapo gharama bado ni kubwa, kununua jingine nako si israfu. Ila wanao wamesahau jambo: ikiwa marehemu hakukupa chombo hicho kuwa chako, basi kimo katika mirathi, nawe una thumni yako (sehemu moja ya nane) humo, na hakuna mrithi mwenye haki ya kukitupa kwa uamuzi wake peke yake.

Ama kauli ya nusu ya thawabu, hiyo siwezi kuinyamazia. Hadithi yenyewe ni sahihi, ameipokea Bukhari kutoka kwa Imran bin Husayn (R.A.), lakini aliyekusomea ameshika moja na kuiacha nyingine ya sahaba huyo huyo. Imran alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu Swala, akajibiwa: "Swali umesimama, usipoweza, umeketi, usipoweza, kwa ubavu." Wanazuoni wakaeleza kuwa nusu ni ya anayeswali sunna ameketi ilhali anaweza kusimama, ama mwenye udhuru, Imam An-Nawawi amebainisha kuwa thawabu zake hazipungui. Vipi basi ruhusa aliyoitoa Mtume kwa kumhurumia mgonjwa igeuzwe adhabu kwa mwanamke ambaye magoti yake yamekataa kumbeba? Huku ni kuwakatisha waja tamaa kwa jina la dini, na anayesema hivyo juu ya mimbari amejitwika mzigo mzito.

Nawe, mama, acha kujipima kwa jokofu. Chombo huthaminiwa kwa kazi kinayoitoa leo tu, na siku kikizima, miaka yake yote haihesabiwi. Mja si hivyo. Amesema Mtume (S.A.W.) katika Hadithi ya Abu Musa aliyoipokea Bukhari, kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mkazi mwenye afya. Zile rakaa ulizosimama ujanani, usiku watoto wamelala, bado unaandikiwa mfano wake. Ndiyo maana baadhi ya wafasiri waliopokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) wameifahamu Surat At-Tin kuwa inazungumzia uzee, na wale walioamini wakiwa na ujira usiokatika.

Bi. Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa mtu mzima alikuwa akisoma Swala ya usiku ameketi, na zikibaki aya 30 au 40 husimama, akazisoma, kisha akarukuu. Ukiweza kusimama kwa takbira tu, simama, kisha keti. Na ikiwa sijida ya ardhini hukuiweza, inama kwa rukuu na uinamie sijida zaidi kidogo, bila kujiinulia mto usoni. Ukichelea kutoamka usiku, swali Witri (Swala ya usiku ya rakaa zisizogawanyika kwa mbili) kabla ya kulala, kama Mtume (S.A.W.) alivyomuusia Abu Hurayra (R.A.). Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.