Fleti ya hisa kando ya Central Park

SWALI: Nimeona fleti ya hisa New York, jengo la kabla ya Vita Kuu ya Pili, karibu na Central Park. Mbona bei iko chini kuliko kondo ya jirani, yaani fleti ambayo mnunuzi anaimiliki mwenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, hapo hununui fleti. Unanunua hisa za kampuni inayomiliki jengo, nayo inakupa mkataba wa kuishi humo. Bodi ya wakazi hupekua mapato na madeni yako, hukuhoji, na inaweza kukukataa bila kutaja sababu. Kwa hiyo wanunuzi wengi hukimbilia kondo, na bei ya fleti za hisa hushuka. Wakili wako asome hesabu za jengo na kumbukumbu za vikao: humo ndimo utaona dalili za michango ya ghafla watakayodaiwa wenye hisa. Jengo linalozidi ghorofa 6 hukaguliwa kuta za nje kila miaka 5, na matengenezo mnalipa wenye hisa. Ardhi ya jengo ikiwa ya kukodi, achana na fleti hiyo.