Neno "choo" lina maana mbili: kwa mnaoanza utafiti wa matumbo ya watoto

Kazi yangu ya kwanza ya kukusanya data ilikuwa Kyangwali, wilaya ya Kikuube nchini Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi waliotoka Kongo. Nilimuuliza mama mmoja kama dodoso lilivyoandikwa: "Mtoto wako anapata choo mara ngapi kwa wiki?" Akanyoosha kidole nyuma ya nyumba. "Sisi hatuna choo, kile ni cha jirani." Nami kwa ugeni wangu nikaandika sifuri, na mtoto aliyekuwa anacheza mpira pale mbele yangu akaingia kwenye orodha ya waliofunga choo. Msimamizi alilishtukia jioni. Kesho yake nilirudi kwa boda boda, nauli kutoka mfukoni mwangu.

Kwa hiyo, wadogo zangu, dodoso lililotafsiriwa mezani Kampala msiliamini kabla hamjalisoma kwa sauti mbele ya watu wa kule mnakokwenda. Mkongomani atakuambia "tumbo inaniluma". Mtu wa Busia atasema linamkata. Kijana wa mjini atakuambia ana alsa, yaani vidonda vya tumbo, na ukimuuliza nani alimpima, ni shangazi. Sisi siku hizi tunauliza "Anakwenda kujisaidia mara ngapi?" kisha tunatoa picha.

Picha zenyewe ni za chati ya Bristol: aina saba za kinyesi, kuanzia vidonge vikavu hadi maji matupu. Kuna na ya watoto yenye picha tano. Mtoto anayeona haya kusema hatashindwa kugusa picha. Ukiongeza "kama mavi ya mbuzi?", bibi yake atacheka, na baada ya kicheko hicho mtaelezwa mambo ambayo hayamo hata kwenye dodoso.

Vigezo vya Roma vya 2016, vinavyotumika kutambua matatizo ya tumbo kama kufunga choo, mvisome mpaka vikae kichwani. Kwa mtoto wa miaka 4 na zaidi, kujisaidia mara 2 au pungufu kwa wiki ni dalili moja tu ya kufunga choo. Zinatakiwa angalau mbili, na ziwe zimedumu mwezi mzima. Inayofichwa kuliko zote ni mtoto kujichafua nguo. Wazazi wengi huiita utundu na kumchapa, kumbe kinyesi kigumu kimeziba na chepesi kinavuja pembeni. Msiulize mbele ya ndugu zake.

Mtakutana pia na wakubwa watakaowaambia kwamba mtoto wa Uganda hafungi choo. Hoja hiyo ina historia. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha na wenzake mwaka 1972 vipimo vilivyoonyesha wanakijiji wa Uganda wakitoa wastani wa gramu 470 za kinyesi kwa siku, huku mabaharia wa Uingereza na wake zao wakitoa 104. Sina ugomvi na mizani yake. Ila hao ni watu wa kijijini wa zama zile, na mimi ninawahoji watoto wa bweni wanaokula posho nyeupe, yaani ugali wa unga uliokobolewa, mchana na usiku.

Vipimo navyo vina mitego. Utafiti uliochapishwa 2010 uliwapima watoto 427 wa Kampala walioonekana wazima, na takriban 44 katika kila 100 walikuwa na Helicobacter pylori, bakteria anayeishi tumboni. Basi ukimkuta kijidudu hicho kwa mtoto anayelia tumbo, hujapata bado kinachomliza. Na kama alimeza antibiotiki ndani ya wiki nne, kipimo kinaweza kusema hana ilhali anacho. Uliza dawa zote, hasa zile za dukani zilizofungwa kwenye kikaratasi.

Damu kwenye kinyesi, kukonda, maumivu yanayomwamsha usiku: hapo weka kalamu chini, mpeleke kituo cha afya kwanza.

Ridhaa nayo, chini ya miaka 18 anasaini mzazi, na mtoto wa miaka 8 na kuendelea naye aulizwe kama anakubali. Mkishamaliza hapo, mwombeni mzazi asogee kidogo. Kuna binti wa miaka 15 ambaye nilipotamka tu "tatizo la tumbo", mama yake alibadilika uso. Alidhani nauliza kama ana mimba. Ilinichukua nusu saa kumtuliza. Mama alipokwenda kuangalia sufuria jikoni, binti aliniambia kwamba vyoo vya shuleni kwao havina milango, kwa hiyo anajizuia tangu asubuhi mpaka arudi nyumbani, na maji hanywi ili asibanwe. Dodoso letu lilikuwa na kurasa tisa na halikuwa na swali hata moja la milango. Nikaandika pembeni kwa penseli. Awamu ya pili ya dodoso, likawa swali la tatu.