Usiulize Wairishi walikuwa upande gani

Ndugu wakija kunitembelea hapa Dublin, wote hutaka kuliona gereza la Kilmainham, na wana haki. Ndipo walipopigwa risasi viongozi wa maasi ya Pasaka ya 1916, James Connolly akiwa amefungwa kwenye kiti kwa kuwa jeraha halikumwacha asimame. Mgeni hutoka pale na hasira, hadithi ameshaimaliza kichwani: Mwingereza huku, Mwairishi kule.

Kama unakuja, usipande basi la kurudi mjini kabla hujafika Islandbridge. Si mbali kwa miguu. Kuna bustani ya kuwakumbuka Wairishi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza wakiwa na sare ya Mwingereza; walioivaa walizidi 200,000. Kwa miaka mingi bustani hiyo iliachwa ikaota magugu. Dola changa ya Ireland iliwatukuza waasi wake, hawa wengine ikaona tabu hata kuwataja.

Halafu soma juma moja tu. Jumatatu ya 24 Aprili 1916 waasi waliiteka Posta Kuu ya Dublin. Alhamisi Wajerumani wakaifungulia gesi ya sumu Divisheni ya 16 ya Wairishi, ya jeshi la Uingereza, kule Hulluch, Ufaransa. Kwa siku 3 walikufa zaidi ya 500, wengi kuliko waliouawa Dublin katika maasi yenyewe. Na kati ya askari wa mwanzo kutumwa kuwazima waasi walikuwemo wa Royal Irish Regiment, Wairishi vilevile.

Ukishachanganyikiwa hapo, shika mtu mmoja umfuate. Mimi humpendekeza Tom Barry wa Cork. Mwaka 1915 alijiunga na jeshi la Uingereza, na kwa maelezo yake mwenyewe hakusukumwa na siasa yoyote: alitaka bunduki na kuona dunia. Habari za maasi zilimkuta Mesopotamia. Novemba 1920 ndiye aliyeongoza shambulio la kuvizia la Kilmichael dhidi ya polisi wasaidizi wa Mwingereza, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 alikuwa upande wa waliokataa mkataba wa 1921 na Uingereza. Ujuzi wa vita aliupata wapi? Kwa Mwingereza.

Mambo haya hayakuanza 1916. Baada ya mkataba wa Limerick wa 1691, maelfu walimfuata Patrick Sarsfield kwenda kumtumikia mfalme wa Ufaransa. Wengine baadaye walipigana katika vita vya Marekani na Mexico, tena pande zote mbili. Desemba 1862 huko Fredericksburg, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, brigedi ya Wairishi ya Thomas Francis Meagher iliupanda mlima kuelekea ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta, miongoni mwa watu wa Georgia, walikuwemo Wairishi pia. Kwa maoni yangu, njaa na mshahara vinaeleza mengi ya haya kuliko nyimbo za baa, ingawa nyimbo nazipenda.

Wasifu wa vigogo uweke baadaye. Jeshi la Ireland limeweka mtandaoni, bure, ushahidi 1,773 wa watu walioshiriki mapambano ya 1913 hadi 1921, uliokusanywa tangu 1947. Kiingereza chake ni chepesi, cha watu wa kawaida. Wapo wanaojisifu kupita kiasi, kwa hiyo tukio moja lisome kwa mashahidi wawili au watatu.

Wewe uliyetoka Katanga una mlango wako. Askari 9 Wairishi wa Umoja wa Mataifa waliuawa Niemba mwaka 1960. Septemba 1961 kampuni ya Pat Quinlan, watu wapatao 150, ilizingirwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, hadi risasi na maji vikaisha, wakajisalimisha bila kufiwa hata na mmoja. Walirudi nyumbani wakaonekana waoga. Heshima yao walipewa baada ya miongo kadhaa. Ukibahatika kukaa na mzee aliyekuwepo, muulize. Ila ukimwambia "Likasi" huenda asielewe, mtajie Jadotville.