Kabla Hujagombea Uongozi Skauti, Hesabu Miezi

Mwaka wangu wa kwanza kwenye skauti hapa Marekani nilivaa beji ya msaidizi wa kiongozi wa kikosi (kikosi ni kile kikundi kidogo ndani ya kundi zima) kwa miezi minne, nikijua muda wangu unahesabiwa. Nilipokwenda kuomba ngazi ya Nyota nikaambiwa nafasi ile haimo kwenye orodha ya nafasi za uongozi zinazotambuliwa. Kiongozi wa kikosi yumo, msaidizi wake hayumo. Hakuna aliyenidanganya. Hakuna aliyenieleza pia, nami sikuuliza, maana nimelelewa Morogoro, ambako mtoto hamwulizi mkubwa habari za vyeo.

Kwa hiyo nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaojiunga sasa na makundi ya Scouting America (ndilo jina rasmi tangu Februari 2025, ingawa wazee wengi bado wanatumia lile la zamani), mliotoka Dar, Kigoma, Goma au Mombasa. Na wazazi wenu wasome pia. Skauti tuliyoizoea wengi wetu ni ya gwaride, skafu na kupokea wageni rasmi. Huku gwaride ni kidogo sana. Kazi ni kupiga kambi, na mambo ya kundi huendeshwa na vijana wenyewe, watu wazima wakiwa pembeni.

Ngazi ziko saba, tatu za juu zikiwa Nyota, Maisha na Tai. Nne za mwanzo, zinazoishia Daraja la Kwanza, hazidai nafasi yoyote ya uongozi, na unaweza kufanyia kazi masharti ya ngazi mbili tatu kwa pamoja. Kinachowakwamisha wengi wetu hapo ni maji. Daraja la Kwanza linataka uruke kwa miguu kwenye kina kinachozidi kimo chako, uogelee yadi 100 bila kusimama, yaani kama mita 91, robo ya mwisho ukiwa chali, halafu uelee umetulia. Mimi nilijiona mwogeleaji kwa sababu nilikuwa najitupa mto Ngerengere na kutokea ng'ambo. Kwenye bwawa nikaishiwa pumzi kabla ya nusu. Nilijiandikisha darasa la wanaoanza, nikakaa majira mazima ya baridi na watoto wa miaka sita walionizidi kila kitu. Usione haya. Anza darasa hilo wiki unayojiunga, wala usingoje kambi ya kiangazi ndipo ugundue.

Baada ya hapo ndipo miezi inapoanza kuuma. Nyota inadai miezi 4 ya kushika nafasi inayotambuliwa, ukiwa tayari Daraja la Kwanza. Maisha inadai miezi 6 ukiwa Nyota. Tai, miezi mingine 6 ukiwa Maisha. Jumla 16, na masharti yote ya Tai, ukiacha kikao cha mwisho mbele ya watu wazima, yawe yameisha kabla hujatimiza miaka 18. Kwa hesabu hiyo, anayefika Daraja la Kwanza akiwa na miaka 16 na miezi 8 hana hata wiki moja ya kupoteza.

Tazama vizuri hayo maneno "ukiwa tayari". Rafiki yangu alichaguliwa kiongozi wa kikosi akiwa bado Daraja la Pili, yaani ngazi moja chini ya Daraja la Kwanza. Akafanya kazi nzuri nusu mwaka, na muda huo haukumsaidia kitu kwenye Nyota, kwa sababu hesabu huanza siku unapopita ngazi iliyotangulia. Nafuu iliyopo ni kwamba miezi si lazima ifuatane, na unaweza kuunganisha nafasi mbili tofauti. Pia kuna vituko: mpiga tarumbeta anahesabiwa kwa Nyota na Maisha, kwa Tai hahesabiwi.

Sasa uongozi wenyewe. Kiongozi wa kikosi huchaguliwa na wenzake wa kikosi. Kiongozi mkuu wa vijana huchaguliwa na vijana wa kundi zima, na masharti ya kugombea, iwe umri, ngazi au idadi ya kambi ulizohudhuria, kila kundi hujiwekea lake. Ndiyo maana alichokwambia binamu yako wa jimbo jingine kinaweza kuwa kweli kwake na si kwako. Omba maandishi ya kundi lako. Nafasi nyingine nyingi huteuliwa na huyo kiongozi mkuu akishauriana na skautimasta, mtu mzima anayesimamia kundi: karani, mtunza vifaa, mtunza historia, mkufunzi na wengineo.

Niligombea uongozi wa kikosi mara mbili, nikashindwa zote mbili. Mara ya kwanza nilidhani ni lafudhi. Huenda ilikuwa hivyo kwa kiasi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwenda kambi moja tu, na nani atamchagua mtu ambaye hajawahi kumwona akiwasha jiko kwenye mvua? Basi nikamfuata kiongozi mkuu, nikamwomba anifanye mtunza vifaa. Mama akauliza, "Umepata cheo gani?" Nikamwambia, cha kutunza masufuria. Akacheka siku nzima.

Kwangu mimi hiyo ndiyo nafasi nzuri kuliko zote kwa mgeni. Kila mtu lazima aje kwako. Unajua majina yote ndani ya mwezi, unajua nani hurudisha hema likiwa na matope. Jumapili moja nililaza mahema mabichi kwenye mifuko yake kwa uvivu. Wiki mbili baadaye yalikuwa na ukungu mweusi na harufu ya kufukuza mbwa. Nikayafua nyuma ya nyumba, nikayaanika gereji kwa siku tatu. Tangu siku hiyo nilikuwa na daftari: nani kachukua nini, kimerudi katika hali gani.

Beji za ujuzi zinajulikana: 6 kwa Nyota, 11 ukifika Maisha, 21 kwa Tai, na nyingi kati yake ni za lazima. Nitasema moja tu kuhusu hizo. Kuna zisizokubali haraka. Ya fedha binafsi inataka ufuatilie bajeti wiki 13. Ya afya ya mwili, mazoezi ya wiki 12. Ya maisha ya familia, kazi za nyumbani siku 90. Ya kambi, usiku 20. Anza hizo kwanza, zile za wikendi moja zitakuja tu.

Kila ngazi, ukiacha ile ya kwanza kabisa, huishia kwenye kikao cha watu wazima watatu hadi sita. Hawaruhusiwi kukupima upya fundo wala huduma ya kwanza. Wanataka kusikia umejifunza nini na kundi linakwendaje. Hapo adabu yetu huleta shida. Niliinama, nikajibu "ndiyo" na "hapana", macho kwenye meza, nikaona wanatazamana. Mwishowe nikawaambia kwamba kwetu kumkodolea mkubwa macho ni utovu wa heshima. Mama mmoja wa kikao aliyekaa katikati akatabasamu, akaniuliza yale mahema yamefikia wapi. Nikaongea dakika kumi bila kusimama.