Ameimba "juu ya" biti ya mwenzake?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko Malindi, mtaa wa Shela. Hapa kwetu kuna rapa mmoja hodari ambaye wengi hawamtii maanani. Juzi karekodi fristaili kwa biti ya msanii wa Marekani, nami nikawatumia rafiki zangu ujumbe: "Rapa huyu aliyedharauliwa amefristaili juu ya biti ya mwenzake." Mmoja akanicheka. Kwanza, asema, hiyo si fristaili kwa kuwa jamaa alikuwa akisoma mistari kwenye simu. Pili, asema hiyo "juu ya" yangu ni Kizungu kilichovaa kanzu. Nani ana haki?

JIBU: Marahaba, mwanangu wa Shela ya Malindi (si ile ya kwetu Lamu, ingawa barua zako zikipotea najua zitakwenda wapi). Rafikiyo ana haki kwa moja, kwa la pili hana. Na hilo la kanzu nitaliiba siku moja.

"Juu ya" ndiyo mwiba wenyewe. Kitabu kiko juu ya meza, hapo hakuna ubishi. Sheikh amezungumza juu ya ndoa, yaani kuhusu ndoa. Halafu Kenya tuna ya tatu: "Sikuja juu ya mvua," mvua ndiyo iliyomweka mtu nyumbani. Sasa kitenzi "imba" kikikaa jirani na "juu ya", sikio la Mswahili hukimbilia ile maana ya pili. Mtu huimba juu ya mapenzi, juu ya usaliti, juu ya siasa. Kwa hiyo sentensi yako yasema kwamba biti ndiyo iliyoimbwa.

Si nadharia tu. Nilimsomea ujumbe wako jirani yangu, mama wa makamo ya bibi yako, akiwa barazani anachagua mchele. Aliinua uso, ungo ukatulia mapajani, akauliza: "Huyo biti wa watu katenda lipi hata aimbwe?" Kwake biti ni binti, kama yalivyokuwa majina ya zamani, fulani biti fulani. Nikamfafanulia kwamba ni muziki, kijana kachukua ala za wimbo wa mtu akatia maneno yake. "Aa," akasema, "basi si useme kaimba kwa mahadhi ya mwenzake!" Akarudi kwenye mchele wake.

Ukimsikiliza vizuri, ameshakutatulia nusu ya swali. Pwani hii ina mazoea ya miaka mingi ya kutia maneno mapya katika sauti ya mwingine. Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyefariki 2014, na ambaye ninyi wa Malindi hamhitaji kuelezwa habari zake, aliimba mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir, kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Sijapata kumsikia mtu akisema Bhalo aliimba "juu ya" wimbo wa Kihindi. Ni "kwa mahadhi ya". Vivyo hivyo kwenye kirumbizi hapa Lamu: wawili wanaingia uwanjani na fimbo zao, ngoma na zumari ni zile zile walizochezea waliotangulia, na hakuna anayesema wamecheza juu ya ngoma.

Ila siwezi kukubali neno la jirani yangu moja kwa moja. Mahadhi ni ile sauti ya wimbo, jinsi inavyopanda na kushuka, na rapa wako hakuiazima hiyo. Alichoazima ni mdundo na ala, sauti ya juu ni yake. Kwa hiyo acha "biti" ibaki, au sema "mdundo". Kilicho chako kutoka kwa mama yule ni "kwa". Ukipenda "kwenye" au "katika", pia sawa. Vijana wenyewe husema mtu "kapita kwenye biti", nami naona ni Kiswahili kizuri kabisa. Jihadhari tu na "kupiga": ukifika Dar es Salaam, "kumpiga mtu biti" ni kumtisha.

Washairi wetu walikuwa pia na uazimaji wa upande wa pili, wa kuchukua maneno badala ya muziki. Katika takhmisi mshairi hutwaa mishororo miwili ya mwenziwe, akaongeza mitatu yake ikawa mitano. Ndivyo Sayyid Abdallah bin Nasir alivyoyafanyia mashairi ya Liyongo. Naitaja kwa sababu nimeshasoma mahali fristaili ikiitwa takhmisi. Hapana. Rapa wako hakugusa neno hata moja la Mmarekani yule.

Sasa la simu. Rafikiyo anadhani fristaili lazima itungwe mdomoni. Marapa wa zamani wa New York wamesimulia kwamba wakati wao neno hilo lilikuwa na maana ya mistari isiyofungwa na mada maalumu, hata kama imeandikwa. Maana ya kutunga hapo hapo ndiyo iliyokuja kutawala baadaye. Siku hizi zote mbili zinaishi. Kiswahili kina bahati ya kuzitenga: akitunga akiwa anasema, ni "papo kwa papo", akiwa ameihifadhi kichwani, ni "kwa ghibu", akisoma kwenye simu, basi anasoma, na fristaili yaweza kubaki fristaili. Watanzania husema "mitindo huru", sina neno nayo. Ninayoikataa ni "shairi huru", kwa kuwa hilo ni shairi lisilofuata vina, na kijana wako, kama ni hodari kweli, vina ndivyo anavyotambia.

"Amefristaili" inaeleweka, lakini ni kitenzi kizito kukinyumbua. Jaribu kukitia katika kutendewa uone. Mimi ningesema "amechana fristaili", maana vijana kurap hukuita kuchana.

Limebaki neno moja ambalo rafikiyo hakuliona, nami ndilo lililonikera zaidi. "Aliyedharauliwa" lataka mtu wa kudharau: kuna aliyemtazama akambeua. Wewe wasema watu hawamtii maanani tu. Huko si kudharauliwa, ni kutotunzwa, kwa maana ile ya "mcheza kwao hutunzwa", ya mtu kuinuka kwenye kiti na kwenda kumtuza mwimbaji. Ujumbe wako basi uwe hivi: "Rapa huyu ambaye bado hatujamtunza amechana fristaili kwa biti ya mwenzake." Na ukimtumia mama yako, andika mdundo.