Kontroli Kupita Haitoshi: Zisome Kyuveti Zote

Wenzangu wa maabara, kila kijana anayekuja kujifunza mashine ya kemia mimi humwambia hili mapema: kontroli, yaani sampuli ya majaribio ambayo jibu lake tunalijua, kupita asubuhi si ushahidi kwamba kyuveti zote, vile vikombe vidogo ambamo sampuli hupimwa kwa kupitishiwa mwanga, ni nzima. Kontroli huingia kwenye kyuveti chache tu. Ile yenye uchafu inaweza kumsubiri mgonjwa wa figo atakayepimwa saa tano, na jibu lake likatoka bila alama yoyote ya kututahadharisha.

Kwa hiyo mimi kabla ya sampuli ya kwanza huzisoma kyuveti zote zikiwa na maji. Taa iwake kwanza kama nusu saa, maana ikiwa haijapata moto mwanga wake huyumba. Usiridhike mashine ikisema ziko sawa. Chapisha namba, yaani kiasi cha mwanga kinachozuiwa na kila kyuveti, uziweke kando ya zile za wiki iliyopita, kyuveti kwa kyuveti.

Ikipanda namba ya kyuveti moja peke yake, tatizo ni lake: uchafu, mkwaruzo, pengine kiputo cha hewa. Zikipanda zote, acha kuhangaika na kuziosha moja moja. Kagua taa, maji ya beseni la nyuzi 37, na kioo kinachopitisha mwanga. Zikipanda kwenye wimbi la mwanga la nanomita 340 huku mawimbi marefu yakiwa yametulia, mimi huanza kuishuku taa. Taa ya halojeni hata ikiwa mpya haina mwanga mwingi upande ule wa urujuanimno, hivyo ikichoka, dalili huanzia huko. Na kwenye 340 ndiko NADH, kemikali inayotumika katika vipimo vingi, hufyonza mwanga, ndiko tunakopimia ALT na AST, vimeng'enya vya kuangalia ini, na yurea ya kuangalia figo. Wagonjwa wa ini na figo ndio wa kwanza kuumia.

Kyuveti inayosumbua, kama mashine yako inaruhusu kuitoa, ishike kwenye kingo za juu, uigeuzegeuze mbele ya dirisha. Mara nyingi utaona ukungu mweupe, mwembamba, umeshika ukutani pale chini mwanga unapopita. Ni protini iliyoganda. Iloweke kwenye dawa ya kuoshea aliyoelekeza mtengenezaji, kisha isuuze mara kadhaa kwa maji yaliyoondolewa madini. Maji ya bomba yatakuachia chumvi. Brashi usiisogeze kabisa, hasa kwa kyuveti za plastiki, kwani mkwaruzo hauoshiki. Namba ikigoma kushuka, ibadilishe. Najua ni ghali na oda huchelewa, lakini jibu la uongo humgharimu mgonjwa zaidi.

Taa nayo ukiibadilisha, izime na uiache ipoe, uvae glovu: mafuta ya vidole kwenye kioo chake huiua mapema. Ikishapata moto, soma maji upya, fanya kalibresheni, yaani uipe mashine viwango vinavyojulikana ijipange upya, pitisha kontroli, uandike tarehe kwenye daftari la mashine. Hapo ndipo sampuli za wagonjwa ziingie.