Kati ya wangapi? Maswali yenu kuhusu uwezekano

Barua za mwezi huu zinatofautiana kwa habari, ila karibu zote zimekwama mahali pamoja: mtu anatajiwa asilimia, haambiwi ni asilimia ya nini. Ndiyo maana katika majibu haya tunaanza kwa kuhesabu watu, mayai au karatasi, na asilimia inakuja mwishoni.

Swali: Kaka yangu ana selimundu. Wazazi wetu ni wazima, nami ni mzima ila sijawahi kupima. Mchumba wangu amepima, ni AS, yaani mzima anayebeba jeni moja ya selimundu. Shangazi anasema uwezekano wa mimi kuwa AS ni nusu kwa nusu. Tena dada yangu mkubwa, ambaye naye hajapima, ameolewa na mwanamume AS na ana watoto wawili wazima; anasema yeye ameshavuka. Ni kweli? *Msomaji, Sengerema*

Jibu: Shangazi hakukosea kuzidisha. Amemhesabu mtu asiyekuwepo. A ni jeni ya kawaida, S ni ya selimundu. Kaka yako ni SS, maana yake alipewa S moja na baba na nyingine na mama. Kwa kuwa wazazi wenyewe ni wazima, wote wawili ni AS. Mtoto wao anaangukia kwenye kimojawapo cha visanduku vinne vilivyo sawa: A ya baba na A ya mama, A ya baba na S ya mama, S ya baba na A ya mama, S na S. Viwili kati ya vinne ni AS, na hapo ndipo nusu ya shangazi ilipotoka. Nusu hiyo inamfaa mtoto aliye bado tumboni. Wewe umekua bila selimundu, kwa hiyo kisanduku cha SS si chako tena. Kifute. Vimebaki vitatu, na viwili kati yake ni AS. Uwezekano wako ni theluthi mbili.

Huo ndio uwezekano wenye sharti. Habari mpya inafuta baadhi ya visanduku, nawe unahesabu upya kwa vilivyobaki. Ukiwa AS na mumeo ni AS, kila mtoto ana robo ya kuwa SS. Basi kabla hujapima, mtoto wenu wa kwanza ana theluthi mbili mara robo, yaani moja ya sita, kama asilimia 17.

Sasa dada yako. Chukua wanawake 24 walio katika hali yake: wazima, wana ndugu mwenye SS, wameolewa na waume AS. Kati yao 16 ni AS na 8 ni AA. Wale 8 watazaa watoto wawili wazima bila shaka yoyote. Kwa wale 16, kila mtoto ana robo tatu za kutokuwa na SS, na watoto wawili ni robo tatu mara robo tatu, yaani 9 ya 16. Kwa hiyo wanawake 9 kati ya hao 16 watakuwa na watoto wawili wazima kama yeye. Wenye watoto wawili wazima jumla ni 8 na 9, yaani 17, na 9 kati yao ni AS. Uwezekano wake wa kuwa AS umeshuka kutoka asilimia 67 hadi 53, na hatari kwa mtoto wa tatu ni 9 ya 17 mara robo, asilimia 13 hivi. Amesogea kidogo, kuvuka bado.

Hesabu zote hizi ni za kusubiria majibu. Kapimeni, wewe na dada yako, ila ombeni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Kile cha haraka cha kuangalia kama chembe zinapinda kinamwonyesha mwenye AS na mwenye SS vilevile, hakiwatofautishi. Ukitoka AA, hamtapata mtoto wa SS. Ukitoka AS, ile moja ya sita inakuwa robo, na robo hiyo ni ya kila mimba upya. Mtoto wa kwanza kuwa SS hakuwakingi wa pili, wa tatu wala wa nne.

Swali: Nabeti mikeka ya mechi 10, timu za uhakika tupu, odi 1.30 kila moja. Karibu kila wiki mkeka unachanika kwa mechi moja tu. Nahisi niko karibu sana. *Dereva wa bodaboda, Morogoro*

Jibu: Tukubali kwanza kwamba timu zako kweli ni za uhakika, kila moja ikishinda mara 8 katika 10. Ili mkeka utiki lazima zishinde zote: 0.8 izidishwe yenyewe mara 10, ni 0.107. Mikeka 11 kati ya 100. Kukosa moja tu kunatokea kwa njia 10, kwa sababu yoyote kati ya zile 10 inaweza kuwa ndiyo ya kuchana: 10 mara 0.2 mara 0.8 iliyozidishwa mara 9, ni 0.268. Mikeka 27 kati ya 100. Kwa maneno mengine, kuchanika kwa moja ndilo jambo la kawaida kwa mkeka wa namna hiyo, linatokea mara mbili na nusu kuliko ushindi. Halikuambii chochote kuhusu wiki ijayo.

Sasa je, ni kweli 8 katika 10? Odi ni kizidisho cha dau: 1.30 ikizidishwa yenyewe mara 10 inalipa 13,786 kwa kila 1,000. Kama kweli zinashinda asilimia 80, wastani utarudishiwa 1,480 kwa kila 1,000, na kampuni ingefunga duka. Haijafunga. Zikishinda asilimia 72, wastani ni 516, karibu nusu ya ulichoweka. Tofauti ya asilimia 8 tu kwa kila timu inakutoa kwenye faida na kukuweka kwenye hasara, na hakuna jicho la shabiki linaloweza kutofautisha 72 na 80 bila daftari. Andika timu 100 ulizoziita za uhakika, uone ngapi zilishinda. Usichague kumbukumbu.

Sehemu ya kampuni unaweza kuikagua mwenyewe. Tuseme mechi ina odi 2.10 nyumbani, 3.20 sare, 3.40 ugenini. Gawanya 1 kwa kila odi: 0.476, 0.313, 0.294. Jumla ni 1.083, wakati uwezekano wa mambo matatu ambayo moja lazima litokee unapaswa kuwa 1 kamili. Hiyo 0.083 iliyozidi ndiyo ya nyumba. Kama imesambazwa sawasawa, kwa mechi moja shilingi 100 inarudi wastani 92. Kwenye mkeka wa 10 makato yanazidishana, si kujumlishwa: zinarudi 45. Ndiyo maana matangazo yanausifu mkeka mrefu.

Swali: Mwanangu alipata homa, kipimo cha haraka (mRDT) kikatoa mistari miwili. Jirani aliyesomea maabara akasema huku Unguja malaria imepungua sana, kwa hiyo mistari miwili mara nyingi ni ya uongo. Kipimo ni kilekile, inawezekanaje kiwe kizuri bara na kibaya huku? *Mama, Mjini Magharibi*

Jibu: Kipimo hakijabadilika. Waliobadilika ni watu wanaopimwa. Chukua namba za mfano: kipimo kinawakamata 95 kati ya kila wagonjwa 100 wa malaria, na kinawaachia 95 kati ya kila 100 wasio nayo.

Mahali penye malaria nyingi, tuseme kati ya watu 1,000 wenye homa 300 wana malaria. Kipimo kinawakamata 285. Kati ya 700 wasio nayo, 35 wanasingiziwa. Waliopata mistari miwili ni 320, na 285 wanayo kweli: asilimia 89.

Mahali penye malaria chache, tuseme kati ya watu 2,000 wenye homa 20 tu wanayo. Kipimo kinawakamata 19. Ila wasio nayo ni 1,980, na asilimia 5 yao ni 99. Waliopata mistari miwili ni 118, na wenye malaria ni 19: asilimia 16. Wanaosingiziwa ni wengi kwa sababu wanatoka kwenye lile kundi kubwa la wasio na malaria, hata kama kosa kwa kila mmoja ni dogo. Upande wa pili kipimo hichohicho ni hodari: kati ya 1,882 walioambiwa hawana, ni mmoja tu anayo.

Jirani yako basi ana hoja, lakini amesahau jambo. Je, mtoto alisafiri? Akiwa ametoka Kigoma wiki mbili zilizopita, hayumo tena kwenye wale 2,000. Yumo kwenye wale 1,000. Mweleze mhudumu safari kabla ya kitu kingine chochote.

Wengine hufikiri dawa ni kurudia kipimo. Kama kosa la kwanza lilitokea kibahati tu, kurudia kunasaidia sana: kati ya 99 waliosingiziwa watabaki 5, kati ya 19 watabaki 18, na uwezekano unapanda hadi asilimia 78. Shida ni kwamba makosa mengi hayana bahati ndani yake. Vipimo vingi vya aina hii vinatafuta protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dawa wiki mbili zilizopita anaweza kutoa mistari miwili leo, kesho na keshokutwa. Ukizidisha hapo kana kwamba vipimo havijuani, unajidanganya kwa hesabu safi. Kinachohitajika ni kipimo cha namna nyingine, damu kwenye kioo chini ya darubini.

Mengine mawili. Mstari wa C, unaoonyesha kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi, usipotokea, kipimo hicho hakina jibu, hata kama wa T, ule wa malaria, upo. Na kisomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti; kikiachwa mezani mpaka mchana kinaweza kuchora mstari usiokuwepo. Wala haya yote si ruhusa ya kuacha dawa aliyoandikiwa. Malaria ya mtoto haisubiri tumalize kugawanya.

Swali: Mashine yangu inatotolesha vifaranga 80 kwa mayai 100. Nilipata oda ya vifaranga 100, nikaweka mayai 125, nikapata 94. Nilikosea wapi? *Mfugaji, Kibaha*

Jibu: 125 mara 0.8 ni 100, lakini hiyo ni wastani, na wastani unakosekana kwa upande wa chini karibu nusu ya nyakati. Kupima kuyumba kwake, zidisha 125 kwa 0.8 kwa 0.2, tafuta kipeuo cha pili: 4.5. Kuwa na pungufu ya 6 au zaidi ni kitu cha kutarajia mara moja katika mizunguko tisa hivi. Ukitaka kutimiza oda mara 19 katika 20, weka 135.

Hiyo inafanya kazi kama yai moja halimwambukizi jingine bahati yake. Angalia daftari lako. Kama mizunguko mitano ilitoa 88 na mmoja ukatoa 40 kwa sababu umeme ulikatika usiku, wastani ni 80, lakini mashine yako haijawahi kutoa 80. Kuongeza mayai hakutibu hapo, yatapoa yote pamoja. Fedha ya mayai 10 ya ziada iweke kwenye betri, au gawa oda katika mizunguko miwili.

Halafu usimwahidi mteja siku ya kwanza. Siku ya 7 pima mayai kwa tochi gizani: lililo hai lina mishipa kama buibui, lisilorutubishwa linang'aa tupu. Ukitoa 15 katika 135, yamebaki 120, na wale vifaranga 108 wa wastani wanatoka kwenye hayo: sasa ni 90 kwa 100. Hapo ndipo mpigie simu.

Swali: Mchezo wetu wa upatu una watu 12. Tunachota karatasi kupanga zamu, na kila mara wanagombania kuchota mwanzo. Wa mwanzo ana nafasi zaidi? *Kijumbe, Mbagala*

Jibu: Hana. Wa kwanza ana 1 ya 12 kupata zamu ya kwanza. Wa pili: lazima wa kwanza akose, 11 ya 12, kisha yeye apate, 1 ya 11, ukizidisha ni 1 ya 12 tena. Ni hivyo mpaka wa mwisho.

Ugomvi unatokana na kufungua karatasi palepale. Wanne wakifungua na hakuna aliyepata namba 1, waliobaki wana 1 ya 8 kila mmoja, na aliyechota mapema anaona kaonewa. Choteni wote kwanza, mfungue kwa pamoja. Karatasi zikatwe sawa, zikunjwe mara mbili, zikorogwe ndani ya kikapu kirefu badala ya sahani, maana zikirushwa tu zile za mwisho kuandikwa hubaki juu. Na wewe uliyeziandika na kuzikunja, chota wa mwisho.